Wiki Mbili za Kumsemea Mama

Jumatatu, 9 Juni 2025

Naanza leo, na nimejiwekea sharti: nitaandika kila kitu, hata kile kitakachonitia aibu. Hakuna atakayesoma, kwa hiyo hakuna haja ya kupamba.

Likizo imeanza na Mama hasemi. Hajakasirika—amekatazwa. Ijumaa alitolewa vinundu kwenye nyuzi za sauti. Daktari kasema wiki mbili asitamke neno, hata kunong'ona. Akivunja masharti, sauti inaweza kubaki inakwaruza maisha yake yote. Mama yangu! Sauti ya kwanza kwenye kwaya. Watu wa Kiwalani wanasema Mama Edgar akiita mtu sokoni, hata rubani wa ndege inayopita juu anageuka. Sasa anatembea na kibao cheupe kimening'inia shingoni, kama mtoto wa chekechea.

Tatizo ni kwamba kazi yenyewe ya Mama ni kusema. Anakodisha maturubai na viti: harusi, kipaimara, misiba, hitima. Simu haikai kimya. Kaka Edgar anasoma kompyuta chuoni, akaja na dawa yake—msaidizi wa AI anayejibu meseji za wateja. Mtu akipiga, anasikia sauti ya Edgar ikimwomba aandike. Akiandika, msaidizi anajibu, na kazi anaifanya kwa zana ambazo Edgar amemtengenezea na kuzipa majina: angalia_stoo, weka_oda, tuma_gari, funga_oda. Akituma gari, Nurdin, dereva wa kirikuu, kigari chetu cha mizigo, anapata ujumbe, anapakia, anakwenda.

Leo mteja wa kwanza akaomba turubai la watu mia. Msaidizi akamjibu hatuna. Hatuna! Maturubai yamejaa stoo mpaka mlango haufungi. Mama alisoma, akanyanyuka, akachukua simu ampigie mteja mwenyewe. Edgar akamdaka mkono—Mama, daktari, daktari!—wakavutana kama watoto wanaogombania pipi. Mwisho akapiga Edgar.

Kosa lilikuwa dogo. Kwenye orodha ya stoo maturubai yameandikwa kwa mita. Msaidizi alitafuta linaloitwa "watu mia", hakuliona.

Nikamwuliza Edgar, kwani hukumwambia? Akanionyesha maelezo ya zana. Ya kwanza: "Inaangalia stoo." Basi! Ya mwisho: "Inafunga oda." Nikasema hata mie nisingeelewa. Akasema, si wewe ndiye unayepataga A ya Kiswahili? Andika basi, sista.

Nimekubali. Lakini nikiandika vibaya, msaidizi atakosea, na msaidizi akikosea, Mama atafungua mdomo. Hilo tu ndilo ninaloliogopa.

Jumanne, 10 Juni

Madam Felicitas hutuambia darasani: ukiandika maelekezo, mwandikie mtu asiyeweza kukuuliza. Neno hilo nilikuwa naliandika daftarini na kupigia mstari. Leo ndiyo nimelielewa. Edgar anasema msaidizi haoni stoo, haoni uwanja, hajawahi kukalia kiti cha plastiki. Anachokijua kuhusu zana ni yale maneno yaliyoandikwa chini ya jina la zana. "Na asipojua, dogo, haoni haya. Anaendelea tu."

Nilikaa na Mama jikoni. Swali: turubai kubwa wanakaa watu wangapi? Akaandika INATEGEMEA. Nini? SHUGHULI. Nikasema Mama, mie nataka namba. Akanitazama, akafuta kibao kwa kiwiko, akaanza taratibu. Harusini watu wanacheza, lazima uache uwanja katikati. Msibani wanawake wanakaa kwenye mikeka, wanabanana, na viti ni vya wanaume, kwa hiyo turubai lile lile linabeba watu wengi zaidi. Mkutano wa kampeni? Hapo hakuandika, alichora tu uso uliotoa macho. Tukacheka—mie kwa sauti, yeye kwa mabega.

Jioni nilikuwa na hiki:

"angalia_stoo. Inaonyesha maturubai na viti ambavyo havina oda siku hiyo. Maturubai yamehifadhiwa kwa mita, si kwa idadi ya watu. Mteja akitaja idadi ya watu, jua kwanza ni shughuli gani, kisha tafuta ukubwa kwenye jedwali hapa chini. Usimwambie mteja hakuna kabla hujafanya hivyo."

Edgar akajaribu: watu mia, kipaimara. Msaidizi akatoa turubai sahihi na idadi ya viti juu yake! Mama akapiga makofi. Nimefurahi mpaka nikasahau dagaa kwenye sahani, paka kala.

Alhamisi, 12 Juni

Siku tulivu. Wateja wanaandika, msaidizi anajibu, Nurdin anakwenda na kurudi. Mama kalala mchana, jambo ambalo sikumbuki kuliona.

Jioni Edgar akajifanya mfiwa, akaandika kwa simu yake kwamba wamefiwa wanaomba turubai. Msaidizi akatoa pole, pole nzuri tu, akauliza mahali. Halafu akauliza: "Je, msiba wenu utaisha lini?"

Mama alikuwa anasoma nyuma ya bega langu. Alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Akaandika kibao kizima: HAULIZWI!

Kwa nini? Najua ni swali la kitoto, lakini nisipouliza nitaandika nini? Akaandika, akafuta, akaandika. Mfiwa mwenyewe hajui. Labda wanasubiri ndugu kutoka Songea. Labda watasafirisha mwili. Ukimwuliza lini, ni sawa na kumwambia fanya haraka nataka viti vyangu. Yeye hajawahi kumwuliza mtu. Hupeleka, husubiri, na wenyewe humwambia.

Nikaongeza kwenye weka_oda: "Kama ni msiba, usiulize tarehe ya kurudisha." Tukajaribu tena. Safari hii msaidizi hakuuliza—akabuni! Akaweka kesho yake, bila wasiwasi. Edgar alianza kucheka kisha akaacha. Zana yenyewe inalazimisha tarehe, pasipo tarehe haipokei oda. Mie nimemkataza kuuliza, zana inamlazimisha kujaza. Angefanyaje? Mie mwenyewe kwenye mtihani hujaza.

Nikasema kaka, hapa maneno hayatoshi, rekebisha zana. Akalalamika kwamba ana pepa wiki ijayo, kwamba mie nimekuwa bosi wake, kwamba nyumba hii ina wanawake wawili na wote wanampelekesha na mmoja hata hasemi. Lakini akarekebisha. Sasa oda ya msiba inaweza kubaki bila tarehe.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Sharti ni sharti.

Jana asubuhi tulipeleka turubai na viti Yombo, kwa dada mmoja anaitwa Yasmini. Baba yake, Mzee Ismail, amefariki. Msaidizi alifanya kila kitu sawasawa: pole, mahali, hakuuliza tarehe. Nilijisifu kimoyomoyo.

Leo alasiri Yasmini akaandika: "Alhamdulillah, tumeshazika. Ahsanteni sana kwa huduma." Shukrani tu! Msaidizi akaenda kwenye maelezo ya funga_oda. Maelezo yangu. Nilikuwa nimeandika: "Itumie shughuli ikishamalizika na mteja akishashukuru." Wameshazika. Wameshukuru. Akafunga. Na kufunga oda ndiko kunakomwamuru Nurdin akachukue mzigo. Yasmini akapata ujumbe: "Karibuni tena! Gari linakuja kuchukua turubai na viti."

Karibuni tena. Msibani.

Nurdin alipofika aliwakuta watu wamekaa, wengine ndiyo kwanza wametoka makaburini, vumbi miguuni. Hakugusa hata kiti. Aligeuza gari. Lakini walishaliona, na ujumbe walishausoma. Mjomba wa Yasmini ana ile namba nyingine ya Mama, ya watu wa karibu, ambayo Edgar hakuiunganisha. Akapiga. Mama alikuwa peke yake sebuleni, akapokea.

Mie nilikuwa uani naanua nguo. Nikasikia kitu kama bati linaburuzwa. Sikujua ni nini. Halafu nikasikia maneno ndani yake: "Baba, naomba radhi. Nisikilize baba yangu, naomba radhi—"

Nilikimbia. Alikuwa bado anasema. Nilimnyang'anya simu. Mama yangu mzazi, nimemnyang'anya kwa nguvu, kucha yangu ikamkwaruza. Mjomba alikuwa katikati ya maneno: sie tunakuheshimu Mama Edgar, miaka yote hii, leo unakuja kutuvua turubai kichwani na kaburi bado bichi?

Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, ya hasira, lakini akaitikia. Nikamwambia Mama kafanyiwa upasuaji wa koo, haruhusiwi kusema, kosa nimelifanya mie, turubai halitoki mpaka wao watakapotaka. Akauliza wewe nani. Sekela. Akavuta pumzi. "Sekela, kama mama yako anaumwa koo, simu anapokea ya nini? Mfiche hiyo simu." Akakata.

Mama alikuwa ameshika koo kwa mikono miwili. Alipotulia akachukua kibao: NANI ALIANDIKA? Nikasema ni mie. Akafuta. Nikasubiri aandike kitu kingine, hata tusi. Hakuandika.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani Mama alikaa benchi la nyuma. Kwaya ilipoanza aliziba mdomo kwa kitenge. Sikuweza kumwangalia.

Mchana nilikwenda Yombo na Nurdin, na sukari tuliyopewa na Mama. Njiani Nurdin akanichokoza: msaidizi wenu hana dini, ndiyo maana. Angekuwa na dini yoyote ile, angejua. Nikamjibu hana kwa sababu mie sikumwandikia. Akasema haya bwana, kumbe wewe ndiye sheikh wake. Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Yasmini alinipokea uani. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote. Yeye akanikalisha kwenye mkeka. Akasema, "Mdogo wangu, niliposoma 'karibuni tena' nilicheka. Wallahi nilicheka peke yangu chumbani. Baba angeipenda. Aliyekasirika ni Mjomba, na Mjomba anakasirika hata chai ikichelewa." Kisha macho yakamjaa machozi, nami yangu.

Nikamwuliza kwa adabu—sikutaka kukosea tena—kwani mtu kama Mama anajuaje wakati umefika? Akashangaa. "Si tunamwambia? Tukishasoma hitima na kufanya usafi, namwambia njooni mchukue vitu vyenu. Kuzika si kumaliza. Kuzika ndiyo watu wanaanza kuja."

Nimeyaandika maneno yake vile vile, yasinipotee.

Jumanne, 17 Juni

Mama hajajaribu sauti tena. Hajui kama Jumamosi iliharibu kitu. Hakuna ajuaye mpaka Ijumaa daktari atakapoingiza kamera. Anatembea ndani ya nyumba kama aliyebeba glasi iliyojaa.

Na mie nikaharibu tena, ingawa kidogo. Kwa woga wangu niliandika kurasa mbili chini ya funga_oda. Waislamu wanafanya hivi, Wakristo vile, wanaosafirisha Bukoba hivi, wanaozika hapa hapa vile. Niliona nimekamilisha. Msaidizi akasoma yote, akayatumia yote! Mteja mmoja, Stephano, alitaka viti vya bethdei ya mwanawe. Akaulizwa dini yake, mkoa wa asili, na kama kuna ndugu wanaosubiriwa. Stephano akaandika: "Kwani nakodi viti au naomba uraia?" Edgar alianguka kwenye kochi. "Umemfanya afisa uhamiaji!" Hata Mama mabega yalicheza.

Kwa hiyo nikafuta. Ni kazi ngumu kufuta kuliko kuandika. Nilijiuliza swali moja tu: akiigusa zana hii, huko nje kunatokea nini? Nikaandika:

"funga_oda. Zana hii inamtuma dereva akachukue turubai na viti papo hapo. Watu waliokaa watainuka. Itumie pale tu mteja anaposema mwenyewe tuje kuchukua vitu. Kushukuru si kusema tuje. Kuzika si kusema tuje. Ukiwa na shaka, usifunge, tumia uliza_nyumbani."

Hiyo uliza_nyumbani ni mpya, niliiomba kwa Edgar. Inaleta swali kwenye simu yangu, na msaidizi anasubiri jibu. Edgar hakuipenda. Msaidizi wa kuuliza-uliza ana faida gani? Nikamwambia, Mama mwenyewe huwa anauliza—anampigia Shangazi, anamwuliza mchungaji, anamwuliza Nurdin mambo ya Kiislamu. Haoni aibu. Kwa nini huyu aone? Maelezo ya zana hiyo ni mafupi: "Sema unachokijua, usichokijua, na kila jibu litasababisha nini."

Nikampa Mama asome. Alisoma mara mbili akifuata kwa kidole. Kwenye "Watu waliokaa watainuka" kidole kikakaa. Kisha akaandika kibaoni: NDIYO. HIVYO. Akanishika kichwa, akakirudisha kibao shingoni.

Jumatano, 18 Juni

Yasmini kaandika leo: njooni mchukue vitu vyenu, Mungu awabariki. Msaidizi akafunga oda, Nurdin akaenda. Hakuna aliyepiga simu.

Nilikuwa nimekaa na ile simu ya watu wa karibu mapajani mchana kutwa.

Ijumaa, 20 Juni

Mama kaondoka asubuhi kwenda hospitali. Peke yake! Edgar ana pepa na simu yake imezimwa tangu alipoingia. Nilisema niende naye, akaandika: NA WATEJA? Akavaa kitenge kizuri, kibao ndani ya mkoba. Mlangoni alijigusa koo, akanionyesha mbinguni kwa kidole. Maana yake nisali. Nimesali.

Nyumba kimya. Nurdin yuko nje anaosha kirikuu na redio yake ya singeli.

Saa tano simu yangu ikalia. Uliza_nyumbani, kwa mara ya kwanza kabisa. Nainakili kama ilivyo:

"Mteja ni Gladness, shangazi wa bwana harusi. Ana oda ya harusi kesho, turubai moja na viti. Leo alfajiri babu wa bwana harusi amefariki. Anasema babu aliacha kauli harusi isiahirishwe, na harusi ipo. Anaomba turubai na viti vije leo badala ya kesho na vibaki hapo hapo. Nisichokijua: hii ni oda ya harusi au ya msiba. Nikiandika harusi, nitalazimika kumwuliza tarehe ya kurudisha. Nikiandika msiba, sitauliza, lakini nitakuwa nimeifuta harusi yao kwenye orodha. Pia sijui nianze kwa pole au kwa hongera. Nimemwambia asubiri kidogo. Niandike nini?"

Nimesoma na kusoma. Sioni kosa la kumtafutia. Kauliza vizuri kuliko mie ningeuliza.

Nikatoka nikamsomea Nurdin. Akazima redio. Akasema kwao ndoa haivunjwi kwa kifo, inafungwa bila ngoma, watu wanakula wanatawanyika. Lakini hao ni Wakristo, akasema, na kila nyumba ina lake. Halafu akasema, "Hiyo ni ya mama yako, Sekela. Hiyo haipo kwenye karatasi ya mtu yeyote."

Kwa hiyo nimemwandikia Mama. Nimemweleza yote, fupi, na mwisho nimeweka: tuanze kwa pole au kwa hongera? Nurdin kasema nimpigie, itakuwa haraka. Nimekataa. Nikimpigia atapokea. Simfahamu mama yangu? Kusikia tu neno msiba, atasema.

Gladness kaandika tena. Msaidizi kamjibu kwamba bado anawauliza nyumbani, na kwamba hajasahaulika. Hilo sikumwandikia.

Ujumbe wangu umesomwa. Alama zimekuwa za buluu. Nasubiri aandike.

Haandiki.

Simu inaita! Ni Mama. Jina lake, picha yake ya kwaya, simu inatetemeka mezani juu ya shajara hii. Edgar hayupo naye, hakuna mtu wa kumsemea. Nikipokea, nitasikia sauti—ipi? Ile ya zamani, au ile ya bati? Au kamera bado hata haijaingia, na yeye amesoma "amefariki", kashindwa kuvumilia, anataka kusema hapo hapo kwenye benchi la kusubiri? Nurdin kasimama mlangoni na kitambaa kinachuruzika maji, ananiambia pokea, mtoto, pokea, si mama yako?

Nimekata. Mungu anisamehe, nimemkatia Mama.

Inaita tena.

Nimekata tena, na nimeandika haraka, na bado nimeshika simu kwa mikono miwili: Mama, usikasirike, nitapokea, lakini nijibu kwanza kwa kuandika—daktari amekuruhusu kusema?